Paka wa Chumba cha Vinanda

Mwezi uliopita nilikwenda Ukunda kukodi spika za arusi ya mtoto wa kaka yangu. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye joto, kimejaa nyaya na masanduku meusi mpaka darini. Kijana wa dukani alitaka nisikie mlio kabla hatujapatana bei, akawasha amplifaya moja kuukuu, ya wakati ambao yeye hajazaliwa. Ikakaa kidogo, ikapata moto, na vumbi lililokuwa ndani yake likaanza kunuka. Wenye umri wangu waliokulia karibu na bendi wanaijua harufu hiyo, harufu ya vumbi na mbao zilizopashwa moto. Kwangu kilipungua kitu kimoja tu, manyoya ya paka. Nilishikwa na hasira palepale, hasira ya kutaka kupiga kitu teke, na yule kijana masikini akaniuliza, "Kwani mama, sauti hukuipenda?"

Sauti niliipenda. Ninachokichukia ni kingine, na nimekichukia muda mrefu mno kuendelea kukaa nacho kimya.

Baba alikuwa mpiga kinanda katika bendi ya hoteli moja huko Diani. Kila hoteli ilipofungwa au ilipopata vyombo vipya, vile vya zamani vililetwa kwetu, vingine vya kutengenezwa, vingine vya kufa. Tulikuwa na chumba cha nyuma, chenye paa la mabati na dirisha lililoangalia mpera, na humo ndani palikuwa na vinanda vya kila namna. Kimoja kilikuwa kikubwa cha mbao, kina pedali za miguu. Kingine kilikuwa na vifundo vingi vya kuzungusha, ukikigeuzageuza kinatoa sauti ya filimbi, ukikigeuza tena kinatoa mlio wa upepo unaopita kwenye tundu la mlango. Kulikuwa pia na kisanduku cha ngoma kilichotoka Ulaya kikiwa kinajua midundo ya kizungu peke yake, na Baba akakifundisha chakacha kwa kukibonyezabonyeza mpaka kikashika. Mafundi wenzake walikuwa wakija kukisikiliza na kucheka.

Juu ya vyombo hivyo walilala paka. Baba aliwapa majina ya bendi. Besi alikuwa dume jeusi, nene, mahali pake ni juu ya amplifaya, kifua kimebandikwa kwenye matundu yanayotoa joto. Solo alikuwa jike jembamba la madoadoa, yeye hujinyoosha juu ya kinanda cha vifundo, mkia ukining'inia kwenye funguo nyeusi. Mdogo wao, Ridhimu, alilala ndani ya kinanda kilichotolewa matumbo, katikati ya nyaya, ukiingia ghafla unaona macho mawili tu. Mashine zikiwaka asubuhi, jioni chumba kina joto la jiko, na paka hawatoki humo hata uwaite kwa vichwa vya samaki. Solo akichoka upande mmoja huinuka, akapita juu ya funguo, chumba kikapiga kelele zisizo na mpango, kisha akajilaza upande wa pili kama si yeye. Mama akilalamikia manyoya, Baba alichukua brashi ya rangi na kuyatoa katikati ya funguo, taratibu.

Niliwachukia paka wale. Nasema wazi, kwa sababu mtoto hachukii bure. Baba alikuwa akiwatazama wao. Akitengeneza kinanda, mkono uko kwenye funguo, macho yako kwenye masikio ya Solo. Anabonyeza, anamtazama. Anageuza kifundo, anamtazama tena. Solo akilaza masikio nyuma, Baba anatikisa kichwa na kurudia. Mimi nikija mlangoni na kusema, "Baba, chai iko tayari," hageuki. Nasema tena. Hageuki. Kisha Solo anafumbua jicho na kunielekezea sikio, Besi naye anainua kichwa, na hapo ndipo Baba anageuka na kutabasamu: "Ah, umekuja mama." Aliniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Nilikuwa naondoka nimenuna. Ilibidi paka wakubali kwanza ndipo baba yangu anione.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa kaka yangu Omari. Omari alikuwa ameshabaleghe, sauti imekuwa nzito, na akiwa barazani akiita "Baba!" mara moja tu, jibu linatoka chumbani: "Naam!" Mimi nikiita kutoka palepale barazani, nikiita kwa koo lote, hakuna jibu. Nilijaribu kila namna. Niliita kwa adabu, niliita kwa hasira, niliita huku nikilia. Nikafikia uamuzi ambao kwa mtoto wa kike wa kwetu haukuwa mgumu kuufikia, kwamba baba yangu anamsikia mtoto wa kiume na mimi hanitaki.

Watu wazima nao walikuwa na hesabu yao. Kwetu salamu haiachwi chini. Mtu akikwambia asalamu alaykum unaitikia hata kama mna ugomvi wa kiwanja, maana salamu ni dua na kuitikia ni wajibu. Baba alianza kupita njiani akisalimiwa na kina mama waliokaa barazani, asiitikie. Mwanzo walisema ni kiburi cha hoteli, kuzoea wazungu. Kisha wakaona mengine. Msikitini alikuwa mtu wa safu ya mbele, sasa amerudi nyuma kabisa, anainama baada ya wenziwe kuinama. Hotelini akaanza kuvua viatu na kupiga kinanda pekupeku juu ya jukwaa la mbao, hata meneja akamkanya. Na lililowatisha majirani kuliko yote ni kwamba mtu akinyatia mpaka kwenye chumba cha nyuma, kabla hajabisha hodi, Baba tayari anasema, "Karibu," akiwa amempa mgongo. Njiani hasikii salamu ya Mungu, nyumbani anasikia nyayo za mtu asiyeonekana. Unataka ushahidi gani tena? Na pale juu ya amplifaya, Besi, mweusi, macho manjano, anamtazama mgeni bila kupepesa.

Wakasema ana jini. Wakasema jini lenyewe ni yule paka mweusi, na wale wawili ni watumishi wake.

Hotelini mambo yakaharibika jioni moja ambayo bendi ilimaliza wimbo na Baba akaendelea kupiga peke yake, uso umeinama, mpaka mpiga gita alipomshika bega. Wageni walicheka, wakadhani ni mchezo. Meneja hakucheka. Akamwambia apumzike kwanza nyumbani mpaka atakapoitwa. Siku iliyofuata Shangazi Mejumaa, dada yake Baba, alikuja kutoka Msambweni amejifunga leso mbili na amekusudia.

"Wifi," alimwambia Mama, "ndugu yangu anaangamia na wewe unapika tu. Hao paka si paka."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Wifi, mimi nimesema ni paka?"

"Basi aitwe Maalim."

"Na aitwe."

Nilifurahi. Niliona hatimaye watu wakubwa wameyaona niliyoyaona mimi, kwamba paka ndio waliokaa kati yangu na Baba. Wakiondoka atanisikia. Usiku nilimwomba Mungu aliondoe jini lile haraka, na nilikuwa na nia safi kabisa.

Maalim alikuja baada ya alasiri. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtazama Baba kwa muda, akamtazama Mama, akauliza, "Mmempeleka hospitali kwanza?"

Mama akajibu upesi, "Tumempeleka, Maalim. Hawakuona kitu."

Hatukuwa tumempeleka popote. Nilijua, kwa sababu safari ya hospitali kwetu haikuwa jambo la kufichika, nguo safi huvaliwa na jirani huombwa kuangalia nyumba. Nilidhani Mama amesahau. Maalim hakuuliza tena. Akasoma, akaandika kombe la aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa marashi, Baba akalinywa mpaka tone la mwisho, ametulia kama mtoto anayenyweshwa dawa. Kuhusu paka Maalim alisema tu kwamba viumbe wale hawana dhambi na wasidhuriwe. Shangazi ndiye aliyeamua waondoke. Kwa kuwa paka hauawi, wangepelekwa Munje, wavuvi wanakopara samaki, huko hawatakosa utumbo wa kula.

Paka hawakukubali kushikwa. Omari aliparurwa mkono mzima. Shangazi alirukiwa usoni, akatoka mbio huku leso moja imebaki sakafuni. Mwishowe Baba mwenyewe ndiye aliyewatia guniani. Alimchukua Besi kutoka juu ya amplifaya kwa mikono miwili, akamshika kifuani kidogo, akamwingiza. Akamfuata Solo. Ridhimu alikuja mwenyewe kuona wenziwe wamekwenda wapi. Baba alifunga gunia kwa kipande cha waya, akampa mwenye baiskeli, akarudi chumbani, akaketi akiwa ameelekea mlango. Mimi nilisimama mbele yake nikicheka. Alinitazama usoni kwa namna ambayo sikuielewa, na nikakimbia kucheza.

Shangazi alikisafisha chumba. Alifagia, akafukiza ubani, akavuta vyombo kutoka ukutani apate kutoa manyoya, akavirudisha. Mama akatuma habari hotelini kwamba Baba Omari alikuwa amechezewa na jini na sasa, kwa uwezo wa Mungu, yu mzima. Kiongozi wa bendi alikuwa Mutua, mtu wa bara, mchangamfu, aliyempenda Baba kweli. Akaja kumsikiliza. Nyumba nzima ilijua maana ya ujio ule. Kama Baba angepiga vizuri angerudi kazini, na sisi tungerudi kuwa watu wa hali yetu.

"Mzee, cheza tu ile ya fidla, ile ya juu," Mutua alisema, akiwa amesimama mbele yake na kuonyesha kwa vidole. "Meneja anataka kujua kama uko fiti. Ni hivyo tu, hakuna mambo mob, wimbo mmoja basi."

Baba aliketi kwenye kinanda cha vifundo. Akabonyeza swichi, taa nyekundu ikawaka. Akatupa jicho mahali pa Solo, pakiwa patupu, akakunja mikono ya shati na kuanza.

Hakikutoka kitu. Shangazi alipovuta vyombo aliuchomoa waya uliokwenda kwenye amplifaya na hakuna aliyeuona. Tulichosikia ni funguo za plastiki tu zikigonga, tak tak tak, na pumzi za Baba. Yeye aliendelea. Vidole vilikimbia upande wa kulia, vikapanda, vikateremka, kichwa kikiyumba, na kwenye ile sehemu ambayo wageni walikuwa wakiipigia makofi alifumba macho na kutabasamu. Sijapata kuona uso wake ukiwa mzuri vile. Shangazi alisema, "Subhanallah." Mutua alikuwa ameshika kofia yake kifuani.

Mimi sikuweza kuvumilia aibu ile. "Baba!" niliita. "Baba, hakitoi sauti! Baba!" Nilikuwa nimezunguka nyuma yake kabisa, ningeweza kumgusa. Paka walikuwa wameondoka, jini limeondoka, hakuna kilichobaki kati yetu. Niliita mpaka sauti ikakatika. Hakugeuka.

Kisha Omari akasema, kwa ile sauti yake nzito, karibu na bega lake, "Baba." Mara moja tu.

Baba akageuka. "Naam?" akasema, bado anatabasamu. "Mmeisikia ile ya juu?"

Mutua alitoka nje akasimama chini ya mpera akijipangusa uso. Mama alitufukuza watoto sote. Baba hakuitwa tena hotelini. Majirani walisema jini limeondoka na sauti yake, ndiyo desturi ya majini, yakitolewa kwa nguvu huchukua kitu. Vinanda vikauzwa kimoja kimoja kwa watu waliokuja na pikipiki na mikokoteni, na Baba akawa mtu wa kukaa barazani akisuka kamba. Watoto wa shule waliponiambia baba yako kiziwi niliwapiga. Sikuwa namtetea. Nilikuwa na ushahidi wangu: kiziwi hasikii mtu yeyote, baba yangu anamsikia Omari. Nikaacha kumwita. Nikitumwa nimpe chakula naweka kando yake na kuondoka. Nikaolewa hivyo, nikaenda zangu hivyo, na alipofariki nilizika mtu ambaye, kwa nilivyojua mimi, hakunitaka.

Miaka mingi baadaye binti yangu aliumwa sikio, nikampeleka kwa daktari wa masikio Mombasa. Wakampima kwa mashine, wakaniuliza kama kuna kiziwi kwenye ukoo. Nikamweleza daktari habari za Baba, nikacheka kidogo, nikamwambia yule hakuwa kiziwi, alikuwa anachagua. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Hakucheka. Alinieleza kwamba anayeharibiwa masikio na spika kwa miaka mingi hupoteza kwanza sauti nyembamba. Hupotea ndege, hupotea kengele ya baiskeli, halafu wanawake na watoto. Sauti nzito ya mwanamume hubaki nyuma, wakati mwingine kwa miaka.

"Kwa hiyo watoto wa kike ndio wanaotangulia kupotea?" nikamuuliza.

"Mara nyingi," akasema.

Sikurudi nyumbani kwangu siku ile. Nilivuka feri, nikaenda moja kwa moja Ukunda kwa Mama. Nilimkuta uani, mzee sasa, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimwamkia, akaniitikia, nikakaa mbele yake.

"Mama, ulijua kwamba Baba hasikii?"

Aliendelea kukuna. "Nilijua. Sauti yangu ndiyo ya kwanza aliyoacha kuisikia."

"Na paka?"

"Walikuwa masikio yake. Alikuwa akitazama wanasikia nini, na hotelini ngoma aliisikia kwa nyayo." Aligeuza kifuu cha nazi. "Aliniambia mwenyewe."

"Ukaacha watiwe guniani."

"Ningesema nini, mwanangu? Niseme muwaache, ndio wanaomsikilizia? Mwenye jini hutibiwa akarudi kazini. Kiziwi nani atampa kinanda? Nilikuwa na watoto wa kulisha. Baba yako na mimi tuliona bora jini."

Nimejaribu kumlaumu na siwezi kumlaumu vizuri, na hilo nalo linaniuma. Alikuwa amecheza karata moja aliyokuwa nayo. Lakini nilikuwa na jambo langu na sikulitaka limalizike hivyo.

"Na mimi je? Kwa nini hukuniambia mimi? Nilikuwa namwita, Mama. Ulikuwa unanisikia namwita."

"Wewe ulikuwa na mdomo," alisema. "Ungesema chuoni kwenye Kurani, ungesema dukani, ingefika hotelini siku ileile."

"Na ilipokuwa imeshafika? Kazi ilipokwisha kupotea?"

Hapo aliacha kukuna. Alikaa na kifuu mkononi, akitazama ile nazi nyeupe kwenye sinia.

"Aliwahi kuniuliza," alisema. "Paka walikuwa wameshaondoka. Aliniambia, Mama Omari, huyu binti yangu nimemkosea nini? Zamani nilikuwa nikigeuka namwona yuko mlangoni ananiambia jambo. Sasa nikigeuka hayupo. Hasemi nami tena."

"Ukamjibu nini?"

"Alikuwa ameshikwa na huzuni, mwanangu. Nilitaka apate kulala. Nikamshika uso nikamgeuzia kwangu ili auone mdomo wangu vizuri, nikamwambia hujamkosea kitu. Ni mtoto mkimya tu. Ndivyo alivyoumbwa."

Akaanza tena kukuna nazi. Baba aliamini, akaishi miaka yote ile akiamini, akafa hivyo. Nilimwita mpaka koo likanitoka damu, na yeye alikwenda zake akijua kwamba Mungu alimpa binti mkimya.